Mama Kevina na Udugu wa Wanawake Waliosomesha Binti za Wenzao

Mgeni apitaye Same kwa barabara kuu iendayo Moshi, akitazama uwanda mkavu ulio chini ya Milima ya Upare, hawezi kudhani ya kuwa kule juu mna mashamba ya migomba, maharage na tangawizi. Mvua husaidia, lakini mvua peke yake haitoshi. Tangu zama za mababu Wapare huchimba ndiva, yaani bwawa dogo lenye ukingo wa udongo na mawe. Usiku kucha maji ya kijito chembamba hujikusanya humo. Asubuhi mlango wa ndiva hufunguliwa, na maji hutiririka katika mifereji kwenda kwa kila mwenye zamu. Kama kila mtu angekichota kijito hicho peke yake, maji yasingefika hata katikati ya shamba. Tena ndiva haidumu pasipo watu kutoka pamoja katika msaragambo, ndiyo kazi ya umoja, wakazoa tope na kuziba nyufa.

Wapenzi wasomaji, twaanza na ndiva kwa sababu jambo la wiki hii lafanana nayo. Huruma ya mwanamke mmoja kwa binti wa mwenzake ni kama kijito. Yaweza kununua madaftari, au kulipa nauli ya muhula mmoja, kisha hukauka. Lakini wanawake wakijifunga pamoja, wakawa na kanuni, zamu na mfuko mmoja, wema wao huwa ndiva. Huyu akiugua, yule hushika zamu yake. Na mwanzilishi akifa, maji hayakatiki. Ushahidi wa neno hili tunao katika nchi jirani ya Uganda, katika maisha ya mtawa ambaye watu wa huko walimwita Mama Kevina. Alifariki mwaka 1957, na kazi yake yaendelea hata leo.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 mahali paitwapo Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow katika wilaya ya Wicklow, nchi ya Ayalandi. Wicklow nayo ni nchi ya milima, na watu wake wengi wa siku zile walikuwa wakulima. Baba yake alikuwa mmoja wao. Alikufa kwa ajali kabla binti huyu, aliyekuwa wa tatu, hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki Teresa alipokuwa na umri wa miaka 10. Hivyo mtoto akabaki yatima kabisa, akachukuliwa na bibi yake mzaa mama, aliyemlea kwa upendo na kumfundisha sala.

Mwaka 1889, Teresa alipofikia umri wa miaka 14, alikwenda kusoma zaidi kwa Masista wa Huruma katika mji wa Rathdrum. Alikuwa na akili na alipenda kufundisha. Lakini ili kuwa mwalimu mwenye cheti ilimpasa mtu kulipa gharama za chuo, na yatima huyu hakuwa na fedha hizo. Basi ikambidi kushika kazi ya mwalimu msaidizi, kazi yenye mshahara mdogo na heshima kidogo. Baadaye alivuka bahari kwenda kufundisha katika shule ya masista huko Essex, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 17, bibi yake naye akafariki.

Na msomaji apime mwenyewe jambo hili. Huyu aliyekuja kuwafungulia wasichana wengi mlango wa shule, yeye binafsi alisimama mlangoni pa chuo akashindwa kuingia kwa kukosa karo. Aliyajua maumivu ya binti mwenye uwezo wa kichwa asiye na uwezo wa mfuko. Wengine wakipatwa na hayo huwa na uchungu, wakasema kama mimi nilikosa, na wengine nao wakose. Yeye alishika njia nyingine.

Mwaka 1895 aliingia katika shirika la Masista Wafransisko wa Abasia ya Mtakatifu Maria, Mill Hill, karibu na London. Tarehe 21 Aprili 1898 aliweka nadhiri, akapokea jina la Sista Maria Kevin. Kevin ni mtakatifu wa milima ile ile ya Wicklow, aliyeishi upwekeni katika bonde la Glendalough karne nyingi zilizopita. Hivyo mtawa kijana aliyachukua makwao ndani ya jina lake. Aliomba atumwe Marekani kuwatumikia watu weusi wa huko, akangoja miaka kadhaa. Wito ulipokuja, haukuwa wa Marekani.

Kwa maana Askofu Henry Hanlon wa Mapadre wa Mill Hill, aliyekuwa na makao yake juu ya kilima cha Nsambya karibu na Kampala, alikuwa ameomba masista wa kuwahudumia wanawake na watoto. Masista sita walichaguliwa: watatu wa Ayalandi, mmoja wa Marekani, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Scotland. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902, wakafika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Sista Kevin alikuwa na umri wa miaka 27.

Uganda ya siku zile ilikuwa katika msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa umezuka kando ya Ziwa Viktoria, nao katika miaka michache uliua zaidi ya watu 200,000 kule Busoga na katika nchi zilizo ukingoni mwa ziwa. Masista hawakuijua lugha, wala hawakuwa na hospitali. Walianza kuganga wagonjwa chini ya mwembe, kwa dawa chache walizokuwa nazo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa hospitali ya Nsambya, ambayo mpaka leo ni mojawapo ya hospitali mashuhuri za Uganda. Pamoja na kuganga, walianza kufundisha: kusoma, kuandika, hesabu, dini na kazi za mikono. Mwaka 1906 kituo cha pili kilifunguliwa Nagalama. Mwaka 1910 Sista Paul, Mmarekani aliyekuwa mkubwa wao, aliugua akarudi kwao. Sista Kevin akawekwa mahali pake, na tangu hapo watu wakamwita Mama.

Mwaka 1914 vita kuu vilianza, na moto wake ukafika Afrika ya Mashariki. Wazee wa Upare walisimulia habari za mwaka 1916, majeshi ya Mwingereza yaliposhuka kufuata reli ya Tanga chini ya milima yao, yakimfukuza Mdachi. Nyuma ya askari walikuwako wapagazi, maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliobeba risasi na vyakula kichwani. Wengi walikufa kwa njaa, homa na kuhara kuliko kwa risasi. Kule Nsambya Mama Kevina na wenzake waliwauguza wapagazi hao. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani mwaka 1918. Lakini yeye alikuwa ameona neno zito zaidi ya nishani: wagonjwa walikuwa wengi kuliko masista wote ambao Ulaya ingeweza kuwaleta. Kama nchi ingetaka kupona, ilipasa iwe na waganga na waalimu wake yenyewe, na wanawake wawe miongoni mwao.

Hapo ndipo tunapoona hekima yake. Kila alipokutana na kazi kubwa, aliunda udugu wa kuibeba.

Tuanze na habari ya wakunga. Wanawake wengi walikuwa wakifa katika uzazi, nao watoto pamoja nao. Sheria ya Kanisa ya wakati ule haikuruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevina hakuivunja sheria, wala hakukaa kitako akiwatazama akina mama wakifa. Alimpata Daktari Evelyn Connolly, mwanamke mlei aliyekuwa tayari kuja Uganda, na mwaka 1921 mafunzo ya wauguzi na wakunga yakaanzishwa Nsambya. Kazi isiyoruhusiwa kwa mtawa ilifanywa na mlei, na binti za nchi wakajifunza. Wakati huo huo yeye, pamoja na wanawake wengine wa Ulaya waliokuwa na mawazo kama yake, hawakuchoka kuwaeleza wakubwa wa Kanisa shida ile. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu masista kujifunza na kufanya kazi ya uganga na ukunga. Ilikuwa imemchukua miaka zaidi ya 30 tangu alipofika Nsambya.

Baada ya wakunga ikaja habari ya masista wa nchi yenyewe. Mama Kevina hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo, maana upande wa Mapadre Weupe shirika la Bannabikira lilikuwa limekwisha anzishwa mwaka 1910. Mwaka 1923, pale Nkokonjeru, yeye alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, likiwa na wasichana wanane. Wanane tu! Kwa jamaa ya siku zile, binti kukataa kuolewa lilikuwa jambo la kushangaza na la hasara: mahari hayaji, wajukuu hawaji, na jina la ukoo halisongi mbele kwa tumbo lake. Kila mmoja wa wasichana hao alikuwa na wazazi waliopaswa kukubali jambo ambalo mababu hawakulijua. Nao walipoingia hawakukutana na raha. Walikutana na jembe, vitabu, wagonjwa na sala za alfajiri. Lakini baada ya miaka michache wazazi walianza kuwaona binti zao wakirudi vijijini kama waalimu na wauguzi, wakifundisha binti za wengine. Leo shirika hilo lina mamia ya masista, nalo limevuka mipaka likaingia Kenya na Tanzania.

Ya tatu ni udugu wa ng'ambo. Ili kupata masista wa kutosha wa kuja Afrika, mwaka 1928 alifungua nyumba ya malezi Holme Hall huko Yorkshire, na baadaye nyingine Mount Oliver, karibu na Dundalk, Ayalandi. Mwaka 1952 wamisionari hao walitengwa na Mill Hill, wakawa shirika la kujitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, na Mama Kevina akawa Mama Mkuu wao wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 77.

Matunda ya udugu huo yalionekana pia katika vituo vya wakoma vya Nyenga na Buluba, vilivyofunguliwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliofukuzwa na jamaa zao. Yalionekana katika shule za misioni nyingi. Tena mwaka 1942 masista walianzisha shule ya wasichana ambayo leo yaitwa Mount Saint Mary's College, Namagunga. Wakati huo kulikuwa na watu wengi, wazungu kwa weusi, walioona ya kuwa msichana wa Kiafrika yamtosha kujua kushona na kusoma katekisimu. Masista walisema kwa matendo ya kuwa aweza kusoma hesabu za juu na sayansi. Mmoja wa waliosoma Namagunga ni Daktari Speciosa Wandira Kazibwe, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Uganda mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika Afrika. Mama Kevina hakumwona. Apandaye mwembe hali embe zake zote.

Mwaka 1955 aliachia uongozi. Mtu wa miaka 80 angestahili kiti na jua la asubuhi. Yeye alipelekwa Boston, Marekani, kuwa mkubwa wa nyumba ya masista na kuomba misaada kwa ajili ya kazi za Afrika. Mama huyu aliyekuwa na nishani za serikali na heshima kutoka kwa Baba Mtakatifu alisimama mbele ya Wakatoliki wa nchi tajiri akawaeleza shida za watoto wa Uganda, bila kuona haya. Kuomba kwa ajili yako mwenyewe kwaweza kuvunja heshima. Kumwombea mtoto wa mwingine ni heshima yenyewe.

Alifariki huko huko tarehe 17 Oktoba 1957, mwenye umri wa miaka 82. Mwili wake ulipelekwa Ayalandi kwa maziko, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walisema Mama ni wao, na kaburi lake liwe kwao. Basi mwili ukaletwa Afrika, ukazikwa Nkokonjeru tarehe 3 Desemba 1957, yaani miaka 55 kamili tangu siku ile alipoondoka London mara ya kwanza. Katika Uganda jina Kevina limekuwa neno la kuita hospitali au nyumba ya huruma. Mwaka 2016 alitangazwa kuwa Mtumishi wa Mungu, na uchunguzi wa utakatifu wake ukaanza.

Hayo ndiyo maisha yake kwa kifupi. Sasa yatupasa kujiuliza yanatuhusu nini sisi, jamaa za Kikatoliki za Tanzania, ambao wengi wetu hatutaweka nadhiri wala kuvuka bahari.

Kwetu pia mbegu kama hiyo ilipandwa. Mwaka 1931 Askofu Gogarty alianzisha shirika la Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, na masista wazalendo wakaanza kufundisha na kuuguza katika nchi za kaskazini. Same nayo imekuwa jimbo kamili tangu mwaka 1977. Na kwa walei, tangu mwaka 1972 kiko chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, ndicho WAWATA, ambacho mama yeyote Mkatoliki aweza kuingia parokiani mwake. Basi udugu tunao. Swali ni kama umekuwa ndiva, au umebaki vijito vilivyovaa vitenge vya namna moja.

Labda mtu atasema ya kuwa siku hizi elimu ni bure. Ni kweli kwamba serikali iliondoa ada katika shule zake mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Tunashukuru kwa hayo. Lakini binti wa milimani aliyepangiwa shule ya mbali bado ahitaji nauli, godoro, sare, viatu, taulo za kike na sabuni. Yule wa kutwa hutembea mwendo mrefu kwenye mteremko na giza, na njiani wako wanaomngoja kwa chipsi na pikipiki. Tena mwaka 2021 serikali iliruhusu msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Ruhusa ni karatasi. Nani atamshika mtoto wake mchanga saa za masomo? Nani atamsindikiza siku ya kwanza, wenzake wasimcheke? Kazi hizo hakuna serikali iwezayo kuzifanya zote. Ni kazi za mama, dada, shangazi na jirani waliokubaliana.

Kutoka kwa Mama Kevina twaweza kujifunza namna ya kukubaliana huko. Kwanza, alianza na wachache, wasichana wanane, na hakungoja wawe mia. Kikundi cha akina mama kumi katika jumuiya moja chaweza kumshika binti mmoja na kumfikisha mwisho, na hilo lina faida kuliko kuwagusa ishirini na kuwaacha wote njiani. Pili, alimkaribisha kila mwenye mchango wake: mtawa, daktari mlei, mzungu, mzalendo, mfadhili wa mbali. Mwalimu mstaafu asiye na shilingi aweza kutoa saa mbili za hesabu jioni. Tatu, udugu wake ulikuwa na kanuni. Mfuko usio na daftari la hesabu huleta ugomvi, na ugomvi ukiingia, binti ndiye anayerudishwa nyumbani. Nne, hawakuchagua kwa ukoo. Binti wa mwenyekiti asitangulie mbele ya yatima. Na anayesaidiwa asisimamishwe kanisani kuonyeshwa watu kama mali iliyonunuliwa.

Wanawake wa Upare hawana haja ya kufundishwa maana ya kwenda pamoja. Katika miaka ya 1940, wakati wa shauri la kodi ya mbiru, wanaume walipokuwa wamekusanyika Same kwa maelfu kuipinga, mamia ya wanawake wa Usangi walishuka kwa miguu hadi makao ya wilaya kutoa neno lao wenyewe. Hatimaye kodi ile ikaondolewa. Kama bibi zetu waliweza kushuka mlima pamoja kwa ajili ya kodi, wajukuu zao waweza kuupanda pamoja kwa ajili ya binti.

Zamani yatima mmoja wa Wicklow alikosa karo ya chuo, na hapakuwa na kikundi cha wanawake cha kumlipia. Mungu alimfungulia njia nyingine. Lakini ni mayatima wangapi, kwao na kwetu, waliofungiwa mlango na hatukusikia habari zao tena? Mama msomaji, Jumapili hii baada ya Misa, akina mama wa jumuiya yako watakuwa wamesimama nje wakisalimiana. Mchague wawili kati yao, uwatajie jina la binti mmoja mnayemjua wote.